Kijana Aliyekiri Kwamba Mpira Umesogea

Uvumi ulianzia kwenye mashine ya kusaga, na jua lilipofika utosini ulikuwa umeshazunguka mtaa mzima: Serikali inatafuta kijana asiyesema uongo.

"Watampata wapi?" alisema mwenye mashine, nyusi zimemjaa unga. "Hata mizani yangu hii haijawahi kusema kweli, sembuse mtoto wa mtu!"

Watu wakacheka mpaka wakaegemeana. Sekela naye akacheka, maana katika Jamhuri ya Shwari mtu asiyecheka wenzake wanapocheka hudhaniwa ana jambo. Lakini alipojitwisha debe lake la unga na kuanza kupanda kilima, uvumi ule ulipanda naye. Alisonga nao ugali. Alikaa nao kwenye mashine yake ya kufumia masweta ya shule, na jioni akajikuta amefuma sweta la mikono mitatu.

Hofu yake ilikuwa na sababu. Sekela alikuwa na mtoto mmoja tu, Ambilikile, na mtoto huyo alikuwa nao ugonjwa huo unaotafutwa. Kudanganya hakuwezi. Toka mdogo, akivunja chungu anakuja mwenyewe na vigae mkononi: "Mama, ni mimi." Ukimtuma mlangoni akamwambie mgeni kwamba mama hayupo, anakwenda anasema, "Mama amesema niseme hayupo." Marehemu baba yake alizoea kusema, "Mke wangu, huyu ama atakuwa askofu, ama atatuponza."

"Hivi wanamtakia nini?" Sekela alimuuliza jirani yake, Mama Atupele, wakiwa wametenganishwa na ua wa michongoma.

"Si habari ya daraja," Mama Atupele akajibu, huku anachambua mboga. "Na wewe una nini, mbona umekunja uso? Wako yuko chuoni anasomea mabomba. Nani atamkumbuka?"

Daraja lenyewe kila mtu analijua. Liliitwa Daraja la Utulivu, likavuka Mto Sangala, na lilikaa juu ya mto huo toka Waziri alipokata utepe mpaka lori la kwanza la vitunguu lilipofika katikati. Lori likaenda na maji, vitunguu vikaenda, na watu waliokaa juu ya magunia wakaenda nayo. Serikali, kwa kuwa ni sikivu, ikaunda Tume. Mhandisi akaiambia Tume kwamba yeye alichora tu. Mkandarasi akasema yeye alijenga tu. Waziri akasema yeye alikata utepe tu, tena mkasi haukuwa wake. Mto nao ulihojiwa. Ukakaa kimya, ikaonekana una jambo unalificha.

Miaka ikapita. Kisha wafadhili wa ng'ambo wakaja na ukaidi wao: hawajengi daraja jingine mpaka mtu mmoja, yeyote, asimame aseme, "Ni mimi." Na maneno hayo mawili, katika nchi ile, yalikuwa hayajatoka kinywani mwa mtu mzima tangu uhuru.

* * *

Gofu iliingia Shwari kwa amri. Waziri wa Michezo, Nyasi na Utulivu, Mheshimiwa Kanali Mstaafu Dakta Kilembwe, yuleyule aliyekata utepe, alikwenda ng'ambo kutibiwa goti. Kupitia dirisha la hospitali akaona watu wazima wanatembea polepole juu ya majani, hawapigi kelele, hawadai kitu. Aliporudi alilihutubia Taifa.

"Mpira wa miguu unawafundisha vijana wetu kupiga kelele, na kelele ndiyo mama wa maandamano," alisema. "Lakini gofu! Kijana anapiga, ananyamaza, anatembea. Tukipata maelfu ya wasomi wanaotembea kimya, wameinamisha vichwa, wanatafuta kitu kidogo majanini, ndugu zangu, nchi hii itatawalika mpaka kiama."

Basi kila chuo kikaagizwa kiwe na timu ya gofu ya wanaume. Mashamba ya mihogo yakasawazishwa yakawa viwanja. Fimbo za kuchezea zilitoka kwa mgawo, na mgawo ulipofika Chuo cha Ufundi wa Maji, alikosomea Ambilikile, zilikuwa zimebaki fimbo mbili na moja ilikuwa ya mtu wa mkono wa kushoto. Vijana wakakata mabomba ya maji, wakayapinda ncha kwa moto, wakaendelea. Sekela aliwafumia kofia za sufu za kuvalisha hayo mabomba, za bluu na njano, rangi za chuo. Kama mtoto anacheza na chuma, walau chuma kisipate baridi.

Sasa gofu ina desturi moja ngeni. Mchezaji ni refa wa nafsi yake. Anatembea na mpira wake porini, peke yake, na akikosea, hata kama mpira umesogea tu kabla hajaupiga, anajisema mwenyewe, anajiongezea mkwaju mmoja. Na mwenye mikwaju michache ndiye mshindi. Wizara walipoisoma ibara hiyo walidhani ni kosa la mpiga chapa. Wakaiacha, maana hakuna aliyetaka kusema kwamba ameliona.

* * *

Siku ya Mashindano ya Taifa ya Gofu ya Vyuo, Sekela alivaa gauni lake la kipaimara cha mwanawe akaenda kusimama kwenye kamba pamoja na wazazi wengine. Hakuja kwa sababu ya kombe. Alikuja kumchunga mtoto.

Hapo ndipo aliposikia sauti iliyomnyoosha mgongo kama yuko mstarini.

"Sekela! Sekela wa dawati la mbele!"

Alikuwa Mwalimu Lugano. Ndiye aliyemfundisha kusoma na kuandika, ndiye aliyemvusha mpaka darasa la saba, na ndiye aliyewaimbisha kila asubuhi, fimbo mkononi, kwamba msema kweli ni mpenzi wa Mungu. Siku hizi alikuwa Katibu wa Gofu wa Taifa. Kitambi kilikuwa kimemtangulia, lakini kidole cha shahada kilikuwa bado na alama ya chaki.

"Shikamoo, Mwalimu!" Sekela akapiga goti.

"Marahaba, mwanangu. Inuka, inuka, majani haya ni ya Serikali. Yupi wako?"

"Yule wa bomba, Mwalimu." Kisha akashindwa kuvumilia. "Mwalimu, kuna uvumi kwamba wanatafuta kijana..."

Mwalimu Lugano alicheka, akamshika bega. "Uvumi ni redio ya wasio na betri. Mtoto wako si mjukuu wangu? Nani ataigusa damu yangu mimi nikiwa hapa?"

Moyo wa Sekela ukatulia kwa mara ya kwanza toka siku ya mashine. Mtu aliyekufundisha herufi, unadhani ataanza lini kukudanganya?

Waziri akafungua mashindano. Alipiga mpira wa kwanza, ukaruka kando, ukapita juu ya jukwaa la bendi, ukaangukia kwenye kichaka. Lakini mpira wa Mheshimiwa haupotei. Vijana wa itifaki walikimbia na majembe, wakachimba shimo palepale uliposimama, wakausukumia ndani kwa kiatu, wakapiga saluti. Mshereheshaji akatangaza kwamba haijapata kutokea duniani.

Vyuo vikacheza. Yule kijana wa Chuo cha Utawala Bora, ambaye mjomba wake alikuwa mtu wa Ikulu, alichezewa na wasaidizi. Yeye alifuata nyuma na mwavuli. Mikwaju yake ilihesabiwa na kamati kwa kutumia busara. Hata hivyo, kufika shimo la mwisho, Ambilikile na bomba lake alikuwa mbele kwa mkwaju mmoja, na mpira wake ulikuwa karibu na shimo kiasi kwamba hata kuku angeusukuma ukaingia.

Akainama. Upepo ukapita. Akanyooka tena, akainua mkono.

"Refa. Mpira wangu umesogea nikijiandaa kupiga. Niongezee mkwaju."

Refa alikuwa anakunywa soda. "Umesogea kiasi gani?"

"Kama punje ya choroko."

"Nani ameona?"

"Hakuna."

"Kuna mtu amekushtaki?"

"Hapana."

"Sasa wewe kijana, kosa limetoka wapi?"

"Kwangu," akasema Ambilikile. "Ni mimi."

Hata wapiga bendi walishusha tarumbeta. Sekela alikamata kamba kwa mikono miwili. Nyamaza, baba, nyamaza, alikuwa anasema ndani kwa ndani.

"Maskini, mtoto wa nani huyu?" aliuliza mama mmoja mwenye miwani ya jua aliyesimama kando yake. "Hana wazazi wa kumfunza?"

"Simjui," Sekela akajibu.

Neno lilimtoka kabla hajalifikiria.

Juu jukwaani Waziri alikuwa amesimama. Alimnong'oneza Mwalimu Lugano. Mwalimu Lugano alitazama uwanjani, kisha akatazama kwenye kamba, moja kwa moja mpaka kwa Sekela, akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyepata jibu la hesabu.

* * *

Mikwaju sasa ilikuwa sawa, kamati ikatumia tena busara, na ubingwa ukaenda Utawala Bora. Lakini Ambilikile alipewa kombe jingine, lililokuwa kubwa kuliko la bingwa, likaitwa Kombe la Ukweli. Waziri alilikabidhi kwa machozi.

"Ndugu wananchi, leo tumeshuhudia kitu kilichodhaniwa kimetoweka, kama vile faru! Kijana amekiri! Bila kipigo! Bila kuning'inizwa! Nani sasa atasema Shwari haina vipaji?"

Wiki ile ile wageni wakaanza kufika chuoni. Wa kwanza alikuwa Meneja wa Umeme, mtu mpole, amevua kofia. Nchi ilikuwa imelala gizani tangu Jumapili na wananchi walitaka kujua kosa ni la nani.

"Tumeambiwa una uzoefu," alisema. "Sisi kule ofisini hatuna mtaalamu wa jambo hili."

"Lakini mimi sikuzima umeme," akasema Ambilikile.

"Hatusemi ulizima. Tunasema kazi apewe mwenye ujuzi."

Alikataa. Akaja bwana wa dawa zilizoharibika bandarini, naye akakataliwa. Akaja mkuu wa magereza, ambaye alikuwa amepoteza mfungwa. Mwisho ikaja Tume ya Daraja yenyewe, na viti vyake.

"Daraja lilipoanguka nilikuwa shule ya msingi," Ambilikile aliwaambia.

Mwenyekiti wa Tume akatabasamu. "Umri si kikwazo. Serikali hii inawaamini vijana."

"Nilisema kweli juu ya mpira kwa sababu ulisogea. Daraja mimi sijaligusa."

"Kijana, nchi imekulea, imekupa bomba, imekupa kombe. Kulikiri la mpira halafu kulikataa la daraja, huo si ubinafsi?"

Akakataa tena. Siku iliyofuata Mkuu wa Chuo, aliyekuwa amepiga picha amelikumbatia kombe, akamwambia afungashe nguo zake na arudi nyumbani akatafakari uzalendo.

* * *

Mwalimu Lugano alikuja kwa Sekela mchana kweupe, amebeba kilo ya sukari. Akakaa kwenye kiti cha marehemu. Ambilikile alikuwa nyuma ya nyumba anamtengenezea Mama Atupele bomba lake.

"Binti yangu," akaanza, "nimekuja kama mzazi. Mwanao anajiharibia."

"Mwalimu, ulisema hawatamgusa."

"Na ni nani aliyemgusa? Wanamwomba. Ni sherehe, Sekela. Anasimama, anasema maneno mawili, bendi inapiga, Mkuu wa Nchi anamsamehe palepale. Wafadhili wanapata neno lao, wananchi wa Sangala wanapata daraja, na Ambilikile anarudi chuoni akiwa shujaa. Kesho yake nani atakumbuka?"

"Lakini si kweli, Mwalimu. Wewe ndiye uliyetufundisha..."

"Nilikufundisha kuhusu uongo wa watoto. Huu ni wajibu." Akapunguza sauti. "Asiposema, sitaweza kumkinga tena. Wale wengine si wapole kama sisi. Nakuapia kwa chaki iliyonilisha: atalala nyumbani siku hiyohiyo."

Sekela aliutazama mkono wa Mwalimu, ule wenye alama ya chaki, uliokuwa ukiuongoza mkono wake mdogo kuandika jina lake kwa mara ya kwanza. Akaamini. Akatoka kwenda nyuma ya nyumba.

"Baba," alimwambia mwanawe, "sema tu. Ni maneno."

Ambilikile aliiweka spana chini. "Mama, ni wewe unasema?"

"Mwalimu ameapa. Nina mtoto mmoja tu, Ambi. Sitaki waje wale wengine."

Kijana aliyatazama maji ya Mama Atupele yakimwagika miguuni pake. Kisha akasema, "Haya, Mama. Kama ni wewe."

* * *

Sherehe ilifanyika kwenye kiwanja kilekile cha gofu. Wafadhili waliketi chini ya turubai. Watoto wa shule walipanga herufi kwa miili yao, zikasomeka TUNAKIRI. Ambilikile akapanda jukwaani na suti ya kuazima, akatafuta macho ya mama yake, akayapata.

"Daraja la Utulivu," akasema. "Ni mimi."

Lo! Vigelegele hivyo havijapata kusikika. Mhandisi alimkumbatia mkandarasi. Mwenyekiti wa Tume alianguka chini kwa furaha akagaragara majanini. Wafadhili wakapeana mikono. Mtu akapaza sauti kwamba hata Mto Sangala nao umesafishwa jina. Na katikati ya nderemo hizo Sekela aliona askari magereza wawili wanapanda ngazi, mmoja kushoto, mmoja kulia, wakamshika mwanawe kwapani.

Hakujua alivyoivuka kamba. Alijikuta mbele ya jukwaa.

"Mwachieni! Ni uongo! Mwanangu amedanganya!"

Waziri akainua mkono, bendi ikakatika. Akavua miwani. Sauti yake ilijaa huruma.

"Mama. Hakuna aliyeuona mpira wake ukisogea, akajisema. Sote tuliamini, tukampa kombe. Leo hakuna aliyemwona akiangusha daraja, na amejisema. Unataka tuamini lile la mpira tukatae hili? Unasimama hapa, mbele ya wageni, kumwita mtoto huyu mwongo? Huyu?"

Umati ukazomea. "Mama gani huyu! Anamchafua mwanawe mwenyewe!"

"Na msamaha?" Sekela akalia. "Mlisema atasamehewa!"

"Msamaha upo, Mama, tena mkubwa. Lakini mtu husamehewa adhabu. Asipoianza adhabu, tutamsamehe nini?"

Watu wakapiga makofi kwa hekima hiyo. Sekela alimtafuta Mwalimu Lugano. Alikuwa kwenye safu ya mbele, naye anapiga makofi, taratibu, kama anavyopiga mtu mwenye heshima zake.

Alimfuata nyumbani kwake kesho yake. Mwalimu alikuwa barazani anakunywa chai. Hakuinuka.

"Mwalimu, uliniapia."

"Shikamoo imekwenda wapi, mama?"

"Uliniapia kwa chaki. Ulikaa kwenye kiti cha marehemu mume wangu ukasema atalala nyumbani."

Mwalimu Lugano alipuliza chai yake. Alimtazama Sekela kama anavyotazamwa mtu aliyekosea nyumba.

"Mimi na wewe tulionana lini?" akauliza. "Nani alituona?"

* * *

Daraja jipya limejengwa. Waziri amekata utepe, safari hii kwa mkasi wake mwenyewe. Mwalimu Lugano amepandishwa cheo.

Gerezani wanaruhusu ndugu kuonana wakiwa na bwana jela katikati. Siku ya kwanza Sekela alipofika, bwana jela alikuwa anamaliza kumhoji kijana, maana wakubwa walikuwa wamesikia kwamba kukiri kule huenda kulishawishiwa na mtu, na mtu huyo akipatikana naye ana kifungo chake.

"Nani alikuambia ukaseme?" bwana jela aliuliza.

Ambilikile alimwona mama yake mlangoni.

"Hakuna," alijibu. "Ni mimi mwenyewe."

Bwana jela aliitikia kwa kichwa, akaridhika, kwa sababu kijana huyo hajulikani kwa uongo. Ule ulikuwa uongo wake wa pili, na yote mawili alijifunzia nyumbani.

Basi ninyi wenye watoto, mambo ya kuepuka ni haya:

Kumpeleka mtoto kwenye mchezo ambao mchezaji anajihukumu mwenyewe, katika nchi ambayo hakuna mwingine anayejihukumu.

Kupokea kombe lililo kubwa kuliko la mshindi.

Kupiga makofi mkubwa anapomsifu mwanao hadharani. Mshike mkono mwende nyumbani.

Sukari isiyo na msiba wala harusi.

Kiapo kinachoapwa mkiwa wawili tu.

Kumwamini mtu kwa sababu alikufundisha kusoma.

Kumwambia mtoto, "Sema tu, ni maneno."